Kijana anayejifunza Kiingereza apewe pia maneno ya moyo wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu kuhusu vijana wetu wanaojifunza Kiingereza, hasa wale wa umri wa miaka 13 hadi 19 ambao wameikuta lugha hiyo wakiwa wamekwisha kupata akili na uchungu wa dunia katika lugha nyingine. Mimi ni mwalimu, na ninaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, nchini Uganda. Mchana ninafundisha shule ya msingi, na jioni tatu kwa wiki ninawafundisha Kiingereza vijana ambao wengi wao walizaliwa Kongo au Burundi, na ambao lugha yao ya sokoni, ya ibada na ya urafiki ni Kiswahili.

Kila ninapoingia darasani huwasalimu kwa Kiingereza, nao hujibu wote kwa pamoja, kwa sauti iliyozoeshwa tangu darasa la kwanza, "I am fine". Muhula uliopita msichana mmoja alijibu hivyo pamoja na wenzake, kisha akalaza kichwa juu ya dawati na kulia kimyakimya hadi kipindi kikaisha. Nilipomwita kando na kumuuliza kwa Kiswahili, "Habari za nyumbani, mwanangu?", alinijibu, "Nzuri, mama mwalimu, lakini..." na baada ya neno hilo moja nikasikia habari za wiki tatu nzima: mama yake amelazwa, wadogo zake wawili wanamtazama yeye kwa chakula, na alikuwa amekata shauri kuacha masomo mwisho wa mwezi. Kwa wiki hizo tatu alikuwa ameketi mbele yangu, na kila jioni alikuwa akinihakikishia kwa Kiingereza kwamba hajambo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria sana namna yetu ya kusalimiana. Katika Kiswahili jibu la kwanza huwa ni "nzuri" au "salama" hata kwa mtu aliyetoka kuzika jana, lakini kila anayeijua lugha hii anajua kwamba maamkizi hayajaisha hapo. Tunasema "nzuri, lakini mtoto anaumwa", au "salama, ila mvua imetukatalia mwaka huu", na aliyeuliza hungoja, kwa sababu jibu la kwanza ni la adabu na la pili ndilo lenye habari. Waingereza nao bila shaka wana njia yao ya kufika kwenye jibu la pili. Sisi walimu tumewafundisha vijana jibu la kwanza tu, tukafuta ubao, tukaendelea na nyakati za vitenzi.

Haya si makosa madogo ya kufundisha. Kijana wa miaka 15 anayezungumza Kiswahili anajua kwamba huzuni si sawa na simanzi, kwamba upweke unaweza kumpata mtu akiwa katikati ya watu, kwamba wasiwasi ni kitu kimoja na hofu ni kingine, na kwamba kinyongo kinaweza kukaa kifuani mwaka mzima bila hasira kuonekana usoni. Akiingia katika darasa la Kiingereza anakabidhiwa maneno matatu, yaani furaha, huzuni na hasira, pamoja na picha tatu za nyuso zilizochorwa kwa ajili ya watoto wa chekechea. Kwa muda wote anaotumia lugha hiyo anakuwa, machoni pake mwenyewe, mtoto wa miaka mitano, ilhali nyumbani huenda yeye ndiye anayepanga posho itatosha siku ngapi.

Naomba nitoe mfano wa maneno mawili, "haya" na "aibu", kwa maana hapo ndipo nimeona walimu wengi wakikosea, nikiwemo mimi. Haya ni tabia njema. Mtu asiye na haya hatumwiti jasiri, tunamwona amekosa malezi. Aibu ni jeraha, ni kushushwa mbele za watu. Msichana anayesimama kujibu swali akatazama chini na kusema kwa sauti ndogo huenda anaonyesha haya aliyofundishwa na bibi yake, lakini mwalimu humwona mjinga au mkaidi, humwamuru apaze sauti na amtazame usoni, wenzake hucheka, na ile haya yake njema inageuka kuwa aibu palepale mbele ya macho yetu. Nimewahi kufanya hivyo kwa mtoto ambaye hakurudi darasani kwangu kwa siku nne, na ilinibidi niende kwao kuzungumza naye na kumwomba msamaha.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wangu mmoja alinifundisha bila kujua. Aliandika katika insha yake ya Kiingereza sentensi iliyomaanisha kwamba ana huzuni, akitumia kitenzi cha kuwa na kitu, kama tunavyosema sisi kwamba tuna njaa, tuna usingizi, tuna huzuni. Nilishika kalamu nyekundu kusahihisha, kwa kuwa Kiingereza hakisemi hivyo, nikasita. Katika Kiswahili huzuni iko pamoja nami, kama mgeni aliyeingia nyumbani, na mgeni huja na huondoka. Nilisahihisha sentensi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, lakini pembeni nikamwandikia kwa Kiswahili kwamba nimeielewa na kwamba nitamuuliza tena siku ya Ijumaa huyo mgeni kama bado yupo. Tangu hapo daftari lake halijawahi kuwa tupu.

Wasomaji wa nje ya makazi haya huenda wasijue uzito wa kile kinachowapata vijana wetu wanapoandikishwa shule. Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa watoto wao haki ya elimu ya msingi sawa na watoto wa wenyeji. Kwa hilo tunashukuru kwa moyo wote. Lakini mtoto aliyekuwa amefika sekondari huko Kivu, akifundishwa kwa Kifaransa, anapofika hapa bila Kiingereza hurudishwa darasa la tatu au la nne, na mvulana aliyeanza kuota ndevu huketi benchi moja na watoto wa miaka tisa. Utaratibu wa nchi tangu mwaka 2007 ni kwamba darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo, na hapa kwetu lugha hiyo ni Kinyankole, ambayo kijana huyo haijui pia. Hesabu zenyewe anaziweza, tena wakati mwingine kuliko sisi tunaomfundisha, ila hawezi kueleza njia aliyopitia kupata jibu. Kijana wa namna hiyo anahitaji kuambiwa kwa lugha anayoielewa, tena zaidi ya mara moja, kwamba amerudishwa darasa kwa sababu ya lugha na wala si kwa sababu ya akili yake. Wengi hawaambiwi. Wanajikatia hukumu wenyewe, na baada ya miezi michache unawakuta kwenye vituo vya bodaboda.

Kisha kuna kibao. Katika baadhi ya shule za nchi hii bado mwanafunzi anayesikika akisema lugha ya nyumbani hutundikwa kipande cha ubao shingoni, atembee nacho mpaka atakapomkamata mwenzake mwenye kosa hilohilo na kumvisha. Sheria ya Watoto, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, imekataza adhabu ya viboko shuleni, na hiyo ni hatua kubwa, lakini kwa kuwa kibao hakiachi alama mwilini watu wengi hawakioni kuwa adhabu. Mimi nakiona kibaya kuliko fimbo kwa jambo moja, kwamba kinawafanya watoto wawe wapelelezi wa midomo ya marafiki zao. Rafiki ndiye mtu wa kwanza ambaye kijana humweleza shida yake, na humweleza kwa lugha ya nyumbani. Ukiifanya lugha hiyo kuwa kosa, na ukamfanya rafiki kuwa askari, umefunga njia ya kwanza ya msaada. Inanisikitisha zaidi kwamba mara nyingine lugha inayoadhibiwa ni Kiswahili, ambacho Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na ambacho Baraza la Mawaziri mwaka 2022 liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Mwalimu mwenzangu ninayemheshimu aliniambia kwamba haya yote ni mazuri lakini mtihani wa darasa la saba una karatasi nne, zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na hakuna hata moja inayomuuliza mtoto moyo wake ukoje. Ni kweli. Nami sidharau Kiingereza hata kidogo, maana nilikianza nikiwa na miaka 31 na ninajua gharama ya kutokuwa nacho. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishikwa na kichomi kikali usiku, nikaenda kituo cha afya, mhudumu akaniuliza kwa Kiingereza ninajisikiaje, na jibu pekee nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa lile la darasani. Nilisema "I am fine" huku nimejishika ubavu, nikapewa dawa ya maumivu ya kichwa, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo ninapotaka vijana wafundishwe maneno ya maumivu na ya hofu, ninawatakia Kiingereza kingi zaidi, kile kitakachowafaa zahanati, polisi na kazini, na siyo kidogo. Isitoshe, mtoto anayeogopa kuchekwa huandika insha ya maneno kumi anayoyajua tangu zamani, kwa sababu hayo hayamkosei. Anayejua kwamba kuteleza si kuanguka hujaribu neno jipya, hulikosea, husahihishwa, na hulishika.

Sentensi za kwanza ninazofundisha sasa kwa kikundi kipya ni za kuomba: naomba urudie, sijaelewa, leo siko vizuri, naomba tuzungumze faragha, sitaki kulisema hilo mbele ya watu. Habari za paka aliye juu ya meza zinaweza kusubiri hadi wiki ya pili. Kila Alhamisi nusu saa ya mwisho tunaandika kwa Kiswahili jambo moja lililotupata katika wiki hiyo, liwe la furaha au la shida, na wanaotaka hulitafsiri kwa Kiingereza kwa msaada wa jirani. Asiyetaka kuonyesha haonyeshi. Nimekataza kucheka matamshi, na ninapokosea mimi mwenyewe ninajisahihisha kwa sauti ili wanione.

Kwa wazazi nina ombi moja tu. Msiseme mbele ya mtoto kwamba "huyu Kiingereza kimemshinda", hata kama mnamwambia jirani kwa kicheko. Mtoto wa miaka 14 hasikii utani katika maneno hayo. Badala yake muulizeni amejifunza neno gani leo, kisha mwambieni neno hilo mnaliitaje ninyi, ili aone kwamba kile alicholetewa na shule kinakaa pamoja na kile alichopewa nyumbani.

Na kwa ninyi vijana wenyewe mnaosoma gazeti hili, wanangu, kuchelewa kujibu kwa Kiingereza hakupunguzi utu wenu wala maarifa mliyokuja nayo. Ikiwa kuna jambo linalowanyima usingizi au hamu ya kula kwa siku nyingi, msilisubirie Kiingereza chake. Lisemeni kwa lugha yoyote iliyo karibu, kwa mwalimu mlezi, kwa shangazi, kwa kiongozi wa dini, au kwa simu ya bure ya watoto, nambari 116, inayoitwa Sauti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo nayo yamo katika usemi huo.

Mhariri, yule msichana niliyemtaja hakuacha shule. Majirani wawili walikubali kupokezana kuwapikia wadogo zake hadi mama yake aliporuhusiwa kutoka wodini, na jambo hilo lilipangwa kwa siku moja baada ya kujulikana. Wiki iliyopita nilipowasalimu darasani alijibu pamoja na wenzake kama kawaida, kisha akanyoosha mkono na kuongeza kwa Kiingereza, polepole na kwa makosa mawili, kwamba yu mzima lakini usiku ameumwa jino. Ningependa walimu wenzangu wa makazi ya wakimbizi ya Kyaka, Rwamwanja, Kyangwali na kwingineko wanaofundisha vijana wa namna hii waandike kupitia ukurasa huu watueleze wao wanafanyaje, na hasa kama kuna aliyefaulu kumshawishi mwalimu mkuu wake aondoe kibao, kwa kuwa katika shule ya jirani bado ninakijadili bila kufanikiwa.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa Kiingereza,
Nakivale, Isingiro