Risala ya Wanafunzi wa Zamani kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kumuaga Mwalimu Wetu wa Fizikia na Kemia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuivumilia barabara yetu. Karibu sana, hapa ni kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule hii ni tunda la Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Ilianza na vyumba viwili vya madarasa. Leo tunajivunia mafanikio makubwa: tanki la maji la lita 5,000, mlingoti mpya wa bendera, na mchezaji wa netiboli aliyeiwakilisha wilaya nzima katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.

Fahari kubwa kuliko zote ni Mwalimu tunayemuaga, anayestaafu Desemba akitimiza miaka 60. Ametufundisha sayansi bila maabara. Somo la pendula alifunga nati ya baiskeli kwenye uzi wa mita 1, akaitundika kwenye kenchi la darasa. Tulihesabu kwa sauti. Nati ilipokwenda na kurudi mara 20, saa yake ya mkononi ilisoma sekunde 40, naye akatupigia makofi kana kwamba sisi ndio tuliogundua. Mitihani ya vitendo ya Baraza ikikaribia, alikwenda kuazima vifaa shule jirani, akarudi kwa bodaboda amepakata bureti zilizoviringishwa kwenye khanga. Ikivunjika moja, alilipa yeye. Mwanafunzi akikosa shule siku tatu, jioni Mwalimu yuko kwao, ameketi mkekani na wazazi mpaka lipatikane la kufanya. Mimi ninayesoma risala hii ni mmoja wa waliofuatwa nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa tunaomba utusikilize kwa makini. Mwaka 2012 Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Kikwete, aliagiza shule za sekondari za kata zijengewe maabara za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wazazi wetu waliitika. Walichanga, wakafyatua tofali, mama zetu wakasomba maji kichwani. Boma likafika kwenye lenta, likaishia hapo. Ndilo hilo nyuma ya turubai ulipoketi. Ndani ya chumba cha Kemia umeota mpapai, na mwaka huu umezaa.

Kwa heshima na taadhima, hatukusudii kumsema mtu. Ila katika uwanja huuhuu tumeahidiwa mabati, tukapiga vigelegele. Tukaahidiwa saruji, tukapiga vigelegele tena. Mwaka mmoja tuliambiwa lori liko njiani, wanafunzi wakaitwa Jumamosi kuja kupakua. Walingoja mpaka magharibi. Mwalimu huyu ndiye aliyewapikia uji, kisha akawasindikiza wasichana hadi makwao. Barua tatu za kukumbushia zimeandikwa, na nakala zake zimo kwenye jalada alilonalo Mwenyekiti wa Bodi. Tunaomba ulitazame kabla hujaondoka.

Ombi letu ni moja: paa na sakafu ya maabara. Fundi amepiga hesabu ya mabati 120 ya geji 28, mbao za kenchi na saruji mifuko 60. Fedha ya fundi tumeshaichanga sisi wanafunzi wa zamani, na kijiji kimekubali kutoa nguvukazi. Hatuombi fedha mkononi, Mheshimiwa. Vifaa vinunuliwe na ofisi yako, vikabidhiwe Bodi kwa hati. Tena, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba utakaposimama kujibu ututajie na tarehe, Katibu aiandike.

Tunaomba iwe kabla ya Desemba. Tunataka Mwalimu afungue mlango wa maabara hiyo kwa mkono wake, afundishe humo walau kipindi kimoja, ndipo akabidhi ofisi.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Wanafunzi wa Zamani