Hela ya Lifti Haiingii Mfukoni Mwangu

Mimi huwapeleka watu kwa van kuteleza kwenye theluji. Jumamosi iliyopita mama mmoja alishuka kwenye van, akasoma bei dirishani pa tiketi, akanigeukia mbele ya wanawe: "Kaka, si nilishakulipa wewe?" Nimesikia hivyo mara nne msimu huu, nimechoka kujieleza kwenye baridi.

Nauli yangu ni kiti cha kwenda na kurudi, Boise mpaka Sun Valley, eneo la kuteleza kwenye theluji hapa Idaho, karibu maili 150 kila upande. Ni mafuta, matairi ya theluji, na mimi kushika usukani pale Fairfield upepo unapolaza theluji barabarani hadi huoni mstari. Hapo sipunguzi. Tiketi ya lifti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kukupandisha mlimani, ni ya wenye mlima, na senti yake hainifikii.

Wengine huniuliza: "Mlima ni wa Mungu, tunalipia nini?" Mnalipia kile kiti cha lifti. Zamani watu walipanda kwa miguu au kwa kushikilia kamba inayovutwa na injini. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific, chini ya Averell Harriman, ilitafuta abiria wa majira ya baridi, ikajenga hoteli Sun Valley. Injinia wake, James Curran, aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini. Akawaza: toa ndoano ya mkungu, weka kiti. (Sisi wala ndizi tungepaswa kupewa punguzo.) Kule Omaha, makao makuu ya reli hiyo, wakaning'iniza kiti ubavuni mwa lori, wakaliendesha kuona ni mwendo gani mtu anaweza kuzolewa bila kuumia. Desemba ile viti vya mtu mmojammoja vikaanza kazi kwenye vilima vya Proctor na Dollar, vya kwanza duniani.

Mwaka 1964 reli ikaiuza Sun Valley kwa kampuni ya Janss. Mwaka 1977 akainunua Earl Holding, aliyekuwa mwenye kampuni ya mafuta ya Sinclair, na familia yake ndiyo inayoimiliki hadi leo. Yeye ndiye aliyemwaga pesa kwenye mashine za kutengeneza theluji na lifti za kasi za watu wanne. Lifti ya Challenger pale Baldy, mlima mkubwa wa Sun Valley, ilibadilishwa 2023, sasa inabeba sita kwa kiti kimoja.

Sasa njia za mkato. Baba mmoja alikataa tiketi, akabeba ski, zile mbao za kutelezea, begani na vijana wake watatu nyuma. Wakapanda, wakateleza mara mbili. Kufika saa tano mdogo amekaa chini analia, soksi zimelowa, na baba amepanga foleni ya tiketi ileile aliyoikataa asubuhi. Mwingine aliazima ski na viatu vya jirani ili asikodi. Vishikio vinavyofunga kiatu kwenye ski hurekebishwa kwa uzito, urefu, umri na soli ya kiatu. Vikikaza kupita kiasi haviachii ukianguka, na goti ndilo linalolipa. Nikamkatalia kumshusha mlimani hivyo, akakasirika, akaenda kukodi. Nilimngoja.

Kwa hiyo: angalia bei ya tiketi mtandaoni kabla hujanilipa, bei zao hubadilika kwa siku. Kama hujawahi kuvaa ski, anzia Dollar, Baldy iache. Suruali ya jinzi iache nyumbani.

Jumamosi hii nimebakiza viti viwili. Tunaondoka saa 11 alfajiri, si saa 11 na nusu.