Barua ya Malalamiko kwa Kliniki ya Meno, Moshi

Kwa Meneja,
Kliniki ya Meno,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: KINGA DHIDI YA MAAMBUKIZI YA NJIA YA HEWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki iliyopita nilimleta binti yangu kuziba jino. Mapokezi tulikaa benchi moja na baba mmoja aliyekohoa mpaka akainama. Simlaumu, shavu lilikuwa limevimba. Lakini mhudumu wenu alimuuliza bima tu. Hakumuuliza anakohoa tangu lini, hakumpa barakoa, wala hakumwomba asubiri barazani penye hewa.

Aliingia, tukasikia mashine ikichonga. Alipotoka tu, tukaitwa sisi. Madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya baridi, kioo cha taa juu ya kiti bado kina matone. Muuguzi alifuta kiti kwa dawa na kubadilisha glavu, na kwa hilo namshukuru. Hewa je? Binti yangu alitakiwa kupanua kinywa katika hewa ileile. Nilikataa, tukaondoka.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu mitaani. Mashine ya kuchongea hurusha maji na mate yakiwa ukungu mwepesi unaobaki ukielea. Hata chumba ambacho hewa yake hubadilika mara 6 kwa saa huhitaji kama dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembechembe hizo. Chenu kilikuwa kimefungwa kabisa. Na huu ndio mkoa wenye Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu; ugonjwa huu tunaujua.

Naomba mgonjwa aulizwe kuhusu kikohozi tangu anapopiga simu. Ambaye jino lake linaweza kusubiri, apangiwe siku nyingine. Mwenye maumivu makali atibiwe, ila awe wa mwisho siku hiyo, madirisha yakiwa wazi, daktari akiwa na barakoa ya N95 inayochuja chembechembe za hewani, na mashine ya kunyonya mate ikifanya kazi muda wote wa kuchonga. Kufungua dirisha hakuhitaji bajeti.

Yule baba namba yake mnayo. Mpigieni, na kama kikohozi kimefika wiki 2 mwambieni akapimwe kifua kikuu.

Ada ya kumwona daktari naomba irudishwe. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nakala ya barua hii nitaipeleka kwa Mganga Mkuu wa Manispaa.

Wako,
Mzazi wa mgonjwa,
Pasua, Moshi.