Yai moja, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Ningekupigia simu, mimi mkubwa wako, lakini najua ungesema "yaya, niko na watu," ukakata, halafu jioni ungekuja kula kwangu kana kwamba hakuna kitu. Basi nakuandikia hapa mbele za watu, bila kutaja jina lako. Wanaokujua watakujua. Wasiokujua nao wana wadogo zao wenye butiki, viduka vya mtaani kama chako.

Nilikuwepo Jumamosi. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda pale mlangoni, nikingoja mvua ipungue, alipoingia yule mama wa nyumba ya mbao, yule anayekuja kila asubuhi na mtoto amemshika kitenge. Mkononi alikuwa na sashe ya plastiki iliyofungwa mafundo mawili. Akaifungua juu ya meza yako, na harufu ikatufikia sote hadi kwa kijana anayeuza vocha nje. Mayai ya jana. Alinunua matano. Manne yalikuwa mazima, akayavunja kwenye bakuli. La tano akalivunja juu ya yale manne.

Ulimsikia vizuri? Aliharibikiwa na matano. Akaja kudai moja.

Nawe ukamwambia, "Yai likishatoka hapa si langu tena." Ukamuuliza utajuaje kama halikutoka kwa jirani. Ukamwita kijana wa vocha aje kuwa shahidi, masikini, hata hakujua anashuhudia nini. Yule mama hakubishana. Alifunga sashe yake, akanunua chumvi kidogo, kwa aibu tu nadhani, akatoka na mvua yake. Mimi nilinyamaza kwa sababu si vizuri kumsahihisha mtu mbele ya wateja wake. Najua sasa nakusahihisha mbele ya mji mzima wa Goma. Ulianza wewe.

Hebu tuongee hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Mayai yanatoka mbali, yanarukaruka njiani, yanalala bohari, na kila trei ina lake bovu au mawili. Wewe unalijua hilo, na unapopanga bei unalihesabu. Nakujua, nilikufundisha mwenyewe. Basi yule mama alikwisha kulilipia yai lake bovu kabla hajalibeba. Ulimnyima kitu chake.

Mimi pale mtaani Birere gunia la maharage likishuka kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya mizigo, nalipima lote kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya unga, kabla sijauza hata kidogo. Nikishajua limetoa makopo mangapi, matatu ya mwisho siyahesabu kabisa. Hayo si yangu. Hayo ni ya kiganja kile kinachoongezwa juu ya kopo mteja akiwa bado ameshika mfuko wake wazi. Watu wanadhani nina mkono mwepesi. Mkono wangu ni mzito kama wa mtu mwingine yeyote, ila nimeupangia bajeti. Na ujue kitu kimoja: kiganja hicho kitie kabla hajakiomba. Akishasema "yaya, niongezee," hiyo ni bei mnapatana, hatakumbuka kuwa ulimpa.

Usidhani nilizaliwa nikijua. Kulikuwa na mama wa malewa, mgahawa mdogo, aliyenunua kwangu makopo kumi ya maharage kila asubuhi, Jumapili tu ndiyo alipumzika. Siku moja akarudi akaniambia nimempimia tisa. Nilikuwa na uhakika ni kumi. Nikatandika turubai, nikamwaga maharage yake yote, nikapima upya kopo kwa kopo mbele ya mstari mzima wa wauzaji, nikihesabu kwa sauti. Yakawa kumi. Wenzangu wakacheka, mimi nikajipangusa mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Yeye akasema "asante, yaya," akabeba. Hakurudi tena. Miaka mingi nilikuwa nikiona gunia lake linapita mbele ya meza yangu juu ya chukudu, likitoka kwa mwenzangu wa mstari wa pili. Ndiyo, gunia, maana malewa yake ilikua. Haki nilikuwa nayo, na bado ninayo mpaka leo.

Mama yetu alikuwa akisema biashara haigombi, nami nilidhani ni maneno ya watu wapole. Wewe ulikuwa mdogo mwaka 2002, hukumbuki vizuri. Tarehe 17 Januari moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na meza ya mama na magunia yake yakabaki chini ya mawe. Tulikuwa tumekimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, kama watu wote. Tuliporudi mawe yalikuwa bado yana joto, unayasikia kwenye soli ya viatu. Mama alikuwa na deni la magunia manne kwa mwenye bohari aliyekuwa akimuuzia jumla. Alikwenda kwake kuomba muda, amevaa kitenge cha kuazima. Yule mzee alimuuliza watoto wako wapi, kisha akamwambia kijana wake ampakilie mengine mawili. Kuhusu yale manne alisema tu, "Hayo tutayaongea." Waliyaongea baada ya mwaka, na mama alilipa yote. Tangu hapo hakununua unga kwa mtu mwingine, hata wengine walipokuwa na bei ya chini. Nilimgombeza mara nyingi kwa hilo, nikimwambia anatupotezea faida.

Sasa noti. Tangu mwisho wa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga, noti tulizo nazo ni zilezile zinazunguka, zimelainika kama kitambaa. Nawe umebandika karatasi ukutani: noti iliyochanika haipokelewi. Kwa mpita njia sawa, naelewa. Lakini mwalimu anayenunua mkate kwako kila siku, aliyepokea hiyo noti kwa mtu kama wewe, unamrudishia na mtoto wake amekwisha uma mkate? Ipokee. Mrudishie chenji kwa iliyo mbaya kuliko hiyo, mtacheka wote wawili. Na yule mwenye pesa kwenye simu tu, ambaye kuzitoa kunamla sehemu ya pesa zenyewe, mwandike kwenye kaye, daftari lako la madeni, atakulipa akipata.

Sisemi umwandike kila mtu. Kaye yangu ina kurasa ambazo nikizifungua shinikizo la damu linapanda. Kuna aliyechukua mafuta wiki tatu, sasa akiniona anavuka barabara, na barabara yenyewe ni ya Birere, unajua kuivuka pale ni kuhatarisha maisha. Huyo simwachii. Kuna na mzee mmoja aliyenizoea mpaka akaanza kujipimia mwenyewe. Nilimnyang'anya kopo, nikamwambia mkono wa kuongeza ni wangu. Alicheka, bado ananunua. Mtu wa kila siku unamjua, hahitaji kadi. Ndiye anayekuambia mchele wa mtaa wa pili umeshuka bei kabla hujaaibika, ndiye anayekulindia mlango ukienda msalani. Yeye akikosea mia mbili, usimhesabie vidole.

Na ukimwachia, mwachie kimya. Nimekusikia ukisema "leo nakusamehe, mama, lakini kesho hapana," mbele ya watu watano. Heri ungezichukua hizo mia mbili.

Jana nimemwona yule mama wa nyumba ya mbao. Alikuwa na kikapu, amesimama kati ya butiki yako na ile ya kona, anaongea na jirani. Sikungoja kuona aliingia wapi.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua, chukua yai moja, lipime kwanza kwenye maji, umpelekee nyumbani kwake. Mpe mtoto mkononi. Usiseme nimekutuma. Na kama amesoma barua hii kabla yako, peleka matano.

Yaya yako