Punda nao wanaumia na joto

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la punda maana huku Pawaga mwezi wa 10 na wa 11 jua ni kali mno, sio kama kule Mufindi mnakovaa masweta. Jumamosi nimemkuta punda wa jirani kafungwa juani saa 8 mchana, mgongoni bado ana madumu manne, mbavu zinapanda na kushuka haraka haraka, jasho limekauka limebaki chumvi nyeupe chini ya kamba. Iliniuma kweli.

Jamani kazi ifanyike alfajiri au jioni, mchana afungwe chini ya mti, na kivuli kinahama kwa hiyo usimfunge ukaondoka mazima. Maji awekewe muda wote, siku ya joto punda anaweza kumaliza ndoo nzima ya lita 20, farasi anapita lita 40, na chumvi ya mawe alambe. Akizidiwa mtoe mzigo, mmwagie maji shingoni, kifuani na mapajani, yafute kwa mkono halafu mwagia tena mpaka apoe, usiweke gunia lililolowa mgongoni ukaliacha, linapata moto. Asipotulia muite bwana mifugo haraka.

Mfugaji, Pawaga, Iringa