Shukrani kwa mzee wa sarafu, Posta

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikulipata, lakini wapenzi wa sarafu wanaopita kwenye lile duka la vitu vya kale karibu na Barabara ya Samora watajua namsema nani.

Nilikuja na sarafu alizoacha marehemu babu, nikitaka tu kujua ni za nini. Hukuwa muuzaji, ulikuwa umekaa unapiga soga na mwenye duka. Ukanisogezea stuli. Ukaishika ya kwanza kwa ukingo, vidole visiguse uso wake, ukanipa lenzi nione herufi T na mwaka 1916: heller 20, pesa ya enzi za utawala wa Wajerumani, iliyotengenezwa Tabora wakati wa vita, Waingereza walipowafungia Wajerumani njia ya bahari na sarafu zikaadimika. Ukanisihi nisiisugue kwa majivu wala limau, maana ikishang'arishwa thamani yake imeshuka. Ushauri huo peke yake ni mali.

Halafu tukafika kwenye za 1966, sarafu za kwanza za Tanzania, mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50. Hapo mwenye duka naye akaingia, mkawa mnashindana kukumbuka senti 20 ilinunua nini utotoni mwenu. Asubuhi nzima ikapita, na hakuna aliyeniuliza nanunua nini!

Sasa kila sarafu ina kifuko chake na karatasi yenye mwaka, kama ulivyonielekeza. Mama anakusalimu sana. Amefurahi kujua baba yake alikuwa anatunza nini. Mungu akuzidishie afya, mzee wangu. Ahsante sana.