Uvimbe wa mfuko wa chakula usihukumiwe kwa rangi moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie majibu ya vipimo vya vinyama vinavyokatwa mwilini mwa mgonjwa, kwa kuwa katika miaka yangu ya kazi ya maabara nimeona wagonjwa wakitangaziwa saratani kabla vipimo havijakamilika.

Upo uvimbe adimu uitwao shwanoma, ambao wataalamu wa Japani waliueleza mwaka 1988 kuwa ni aina ya pekee isiyo saratani. Huota kwenye seli zinazofunika neva, ndani ya tabaka la misuli la mfuko wa chakula, huku utando wa juu yake mara nyingi ukibaki mzima; ndiyo maana kinyofu kinachochukuliwa kwa kamera huweza kutoka safi hali uvimbe upo. Ukikatwa ni mgumu, mweupe au wa manjano yaliyofifia, na kwa kawaida hauna sehemu iliyooza katikati.

Chini ya darubini huonekana seli ndefu zilizochongoka ncha zote mbili kama punje za mpunga, na ukingoni kabisa mkufu wa limfosaiti, yaani seli za kinga, ulioviringa uvimbe mzima. Mkufu huo pekee ungetosha kumfanya msomaji wa slaidi asite. Bahati mbaya GIST, uvimbe unaotokea mara nyingi zaidi na unaoweza kusambaa, nao una seli za umbo hilo hilo katika rangi ya kawaida ya zambarau na waridi. Kinachoutenganisha na shwanoma ni vipimo vya kingamwili, ambavyo hutia rangi ya kahawia penye protini inayotafutwa, kama S100, KIT au DOG1: shwanoma hushika S100 kwa nguvu na kukataa KIT na DOG1, ilhali GIST kwa kawaida hufanya kinyume.

Mwaka jana ililetwa kwetu bloku ya nta iliyohifadhi kinyama cha uvimbe wa mama mmoja aliyekwisha kuambiwa kuwa ana GIST, na wanawe walikuwa wanatafuta mnunuzi wa shamba ili wapate fedha za vidonge vya imatinibu, dawa ya GIST. Slaidi ya S100 ilitoka kahawia kote. Ile ya KIT haikushika kitu, isipokuwa seli chache za kinga ambazo huishika siku zote. Ilikuwa shwanoma, na upasuaji aliokwisha kufanyiwa ndio ulikuwa tiba yake yote.

Naziomba hospitali zisizo na kingamwili hizo ziandike wazi kwamba jibu ni la awali, na ziwape ndugu bloku wanapoiomba, bila kuwazungusha, ikasomwe kwingine.

Mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam